Kamera Mpya Haifukuzi Lenzi ya Zamani

Tarehe 24 Machi, 2021, mji wa Palma, ulioko pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ulivamiwa na watu wenye silaha. Maelfu ya wakazi walikimbia, wengine kwa mashua kuelekea Pemba, wengine kwa miguu wakipita porini kuutafuta mto Ruvuma, na wengine wakajibanza katika rasi ya Afungi. Mocímboa da Praia, iliyo umbali wa kilomita 80 hivi kusini, ilikuwa imekwisha tekwa tangu Agosti 2020, wala haikukombolewa hadi tarehe 8 Agosti, 2021, majeshi ya Msumbiji na ya Rwanda yalipoingia. Mtu anayeondoka nyumbani kwa namna hiyo hana nafasi ya kuchagua. Humbeba mtoto, hushika hati zake na maji, akakimbia. Picha zilizotundikwa ukutani hubaki ukutani, na nyumba ikiteketea zinateketea nayo.

Wakazi wengi wamekwisha rejea. Anayerejea huezeka paa kwanza, kisha huanza kuyatafuta mengine, na miongoni mwa mengine hayo ni sura za wazee wake. Huenda mjomba aliyevuka kwenda Mtwara anayo picha ya harusi iliyopigwa miaka arobaini iliyopita. Huenda shangazi aliyebaki Pemba amehifadhi ndani ya msahafu picha moja ya marehemu babu. Picha hizo zinahitaji kunakiliwa ili kila nyumba ipate yake. Aidha harusi zimerudi, unyago umerudi, na watoto wanavalishwa nguo mpya siku ya Idi wakitaka kupigwa picha. Kazi ya mpiga picha ipo. Inayokosekana mara nyingi ni kamera nzima.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewasumbua wapiga picha wengi wa mwambao huu, na hata askari aliyejinunulia kamera kwa akiba yake ili awapige wanawe wakikua. Kamera ya zamani imekufa kwa chumvi, mchanga au uchakavu. Madukani kamera inayoonyeshwa ni ya aina mpya, isiyo na kioo ndani. Canon na Nikon, ambazo ndizo zilizozoeleka zaidi, hazijatoa kamera mpya ya kioo tangu mwaka 2020. Je, lenzi mbili tatu zilizonunuliwa kwa taabu miaka kumi iliyopita zitafaa katika kamera hiyo mpya, au nazo ni za kutupwa?

Muuzaji asiye mwaminifu atajibu upesi kwamba hazifai, kwa kuwa anayo lenzi mpya ya kuuza. Jibu hilo si la kweli. Karibu kila lenzi iliyotengenezwa kwa kamera ya kioo yaweza kufungwa katika kamera isiyo na kioo na kutoa picha safi. Tofauti zipo, tena nyingine ni kubwa, lakini zinatokana na mambo machache ambayo mtu yeyote aweza kuyaelewa.

KIOO KILICHOONDOLEWA

Kwa zaidi ya nusu karne kamera ya mpiga picha wa kazi ilikuwa na kioo kidogo kilichokaa kwa mshazari nyuma ya lenzi. Kazi ya kioo hicho ni kuirusha nuru juu ili ifike jichoni mwa mpigaji. Kidole kinapobonyeza, kioo huruka, pazia hufunguka, na nuru huiangukia filamu au, katika kamera za elektroniki, kile kibao kinachoipokea nuru kiitwacho kihisi. Mlio mkali unaosikika katika kila harusi, ule unaomfanya bibi harusi ainue macho, ni mlio wa kioo hicho kikipanda na kushuka.

Kioo kinachoruka kinahitaji nafasi. Kwa hiyo watengenezaji walilazimika kuiweka lenzi mbali na filamu. Nikon, katika mdomo wake uliotolewa mwaka 1959, iliacha milimita 46.5 kati ya kitako cha lenzi na filamu. Canon, katika mdomo uitwao EF wa mwaka 1987, iliacha milimita 44. Umbali huo si jambo la kukadiria. Aliyewahi kutazama sinema ya kijijini iliyoonyeshwa juu ya shuka jeupe anajua kwamba shuka likisogezwa mbele au nyuma picha hufifia. Kwa lenzi, shuka ni kihisi, na lenzi imechongwa ili picha yake iwe kali katika umbali ule ule iliopangiwa.

Mwaka 2008 Panasonic ilifungua njia kwa kutoa kamera ya G1, ambayo haikuwa na kioo. Mpigaji hutazama televisheni ndogo sana iliyo nyuma ya kijidirisha. Sony ikafuata mwaka 2010, na mwaka 2013 ikatoa A7 yenye kihisi kikubwa sawa na filamu ya kawaida. Nikon na Canon zilijiunga na safari hiyo kwa kamera zenye kihisi cha ukubwa huo mwaka 2018. Kioo kilipoondoka, nafasi yake nayo ikaondoka. Umbali ule ukapungua hadi milimita 18 kwa Sony, 20 kwa Canon na 16 kwa Nikon.

Sasa hesabu ni ya darasa la tatu. Lenzi ya Nikon ya zamani inataka milimita 46.5, na kamera mpya ya Nikon inatoa 16. Zinazopungua ni 30.5. Weka kati yake bomba lenye urefu huo, na lenzi itajiona imekaa katika kamera yake ya zamani. Bomba hilo ndilo linaloitwa adapta. Ndani yake si lazima kuwe na kioo chochote. Linashikilia hewa tu, na kwa sababu hiyo haliwezi kuharibu picha.

Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi iliyotengenezwa kwa kamera mpya haifungwi katika kamera ya zamani ya kioo, kwa kuwa itakuwa mbali mno na kihisi na haitaweza kuona mbali. Mwenye kamera ya kioo ambayo bado ni nzima asishawishiwe kununua lenzi ya kisasa kwa bei nafuu akidhani ataitumia leo huku akingoja kamera ya kesho.

MOTA IKO WAPI?

Kufunga ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine. Lenzi nyingi za miaka ya karibuni hutafuta fokasi zenyewe, na nguvu ya kufanya hivyo hutoka katika mota. Swali la kuuliza ni moja tu: mota iko ndani ya lenzi au ndani ya kamera?

Canon ilipobadilisha mdomo wake mwaka 1987 iliudhi watu wengi, lakini iliweka mota ndani ya kila lenzi ya EF yenye fokasi ya yenyewe na kuziunganisha lenzi na kamera kwa umeme mtupu. Uamuzi huo unalipa leo. Adapta iliyotolewa na Canon yenyewe pamoja na kamera ya EOS R mwaka 2018 ina vituo vya umeme pande zote mbili, na lenzi za EF, hata zile za mwanzo kabisa, hutafuta fokasi zenyewe katika kamera mpya. Zenye alama nyekundu kitakoni na zenye alama nyeupe ya mraba zote hukubali. Mwenye lenzi za Canon za aina hiyo hana sababu ya kulala macho.

Kwa Nikon mambo ni mchanganyiko. Kamera zake za fokasi ya yenyewe, kuanzia miaka ya 1980, zilikuwa na mota ndani ya mwili wa kamera, ikiizungusha lenzi kwa msumari mdogo unaoingia katika tundu la kitakoni. Baadaye ndipo mota zilipohamia ndani ya lenzi. Adapta ya Nikon, iitwayo FTZ, haina msumari huo. Lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P itatafuta fokasi yenyewe. Iliyoandikwa AF peke yake, hata ikiwa na herufi D baada ya namba, haitatafuta. Itapiga picha, itapima nuru, lakini fokasi itakuwa ya kuzungusha kwa mkono. Asiyejua kusoma maandishi hayo na akitazame kitako: akiona kijitundu chenye ufa kama kichwa cha skrubu, amekwisha pata jibu.

Wapo wanaonunua bomba tupu la bei ndogo wakidhani wamewashinda wenye adapta za umeme. Kwa lenzi ya Canon ya EF bomba tupu ni hasara. Tundu la nuru la lenzi hiyo huongozwa kwa umeme, na bila umeme haliwezi kubanwa wala kufunguliwa. Baadhi ya lenzi zake hata fokasi ya mkono hupitia umeme, hivyo pete huzunguka bure kama gurudumu lisilogusa chini. Lenzi za Nikon zisizo na pete ya tundu nazo hukwama, isipokuwa bomba lenyewe liwe na pete ya kulifungua na kulibana tundu.

LENZI ZA BABU

Bomba tupu lina wenyewe, nao ni wale wenye lenzi za zamani zaidi, ambazo hazina umeme hata kidogo. Kila kitu hufanywa kwa mkono: pete moja ya fokasi, pete nyingine ya tundu. Miongoni mwa lenzi hizo ni zile za kufungwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, zenye kipenyo cha milimita 42, zilizotumiwa na kamera za Zenit kutoka Urusi ya wakati wa Kisovieti na Praktica kutoka Dresden.

Msumbiji ilikuwa na uhusiano wa pekee na nchi iliyotengeneza Praktica. Kwa makubaliano ya mwaka 1979 maelfu ya vijana wa Msumbiji walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani ya Mashariki, na Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990 wengi wao walirudishwa nyumbani na mizigo ya bidhaa za huko. Mtu akiikuta kamera ya namna hiyo katika sanduku la mzee, asiione kuwa ni takataka. Mwili wake huenda umekufa, lakini lenzi yake ya milimita 50 au 58 huenda bado ina macho. Ni sharti tu kitako kitazamwe kabla ya kununua bomba, kwa kuwa Praktica za namba B, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, si za kuzungusha skrubu. Zina mdomo wao tofauti.

Kuna kisa kingine kinachopendeza. Canon ilipoleta EF mwaka 1987 lenzi zake za awali, ziitwazo FD, ziliachwa yatima. Zilikuwa zimepangiwa milimita 42, na kamera za EF zilikuwa na 44. Hapakuwa na nafasi ya kuweka bomba bila kuongeza kioo kinachoharibu picha. Kwa zaidi ya miaka ishirini zikauzwa kwa bei ya kutupa. Kamera zisizo na kioo zilipokuja na milimita zake 18 na 20, lenzi hizo zilifufuka; bomba tupu lilitosha.

Anayetumia lenzi isiyo na umeme atakutana na kikwazo kimoja kinachowafanya wengi wairudishe kamera dukani wakisema ni mbovu. Baadhi ya kamera hukataa kupiga zikidhani hazina lenzi. Ndani ya orodha ya mipangilio mna mahali pa kuruhusu kupiga bila lenzi. Paruhusiwe, na kamera itatii. Kamera yenye uwezo wa kutuliza mtikisiko wa mkono nayo huhitaji kuambiwa urefu wa lenzi, mathalani 50, ili ijue itulize kwa kiasi gani.

Fokasi ya mkono si adhabu kama ilivyokuwa zamani. Katika kijidirisha cha kamera mpya picha yaweza kukuzwa mara kadhaa hadi kope za macho zionekane, na kamera nyingi hupaka rangi kwenye kingo za vitu vilivyo vikali. Kwa mtu aliyeketi kwenye kiti studioni, hilo latosha kabisa. Kwa safu ya akina mama wa tufo wanaoyumba pamoja, nyuso zao zimepakwa msiro, au kwa mcheza mapiko anayegeuka ghafla katikati ya vumbi, mkono hautawahi. Mpiga picha wa ngoma na mpira anahitaji walau lenzi moja yenye mota inayokubaliana na kamera yake.

KIHISI KIKUBWA, LENZI NDOGO

Jambo linaloleta malalamiko mengi ni ukubwa wa duara la picha. Lenzi zilizokuja pamoja na kamera za bei ya chini, kama zile za milimita 18 hadi 55, zilitengenezwa kwa kihisi kidogo. Zikifungwa katika kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, duara lake halifiki pembeni na kona huwa nyeusi. Kamera za Nikon na Canon hulijua hilo zikiwa na adapta zake halisi, nazo hukata sehemu ya katikati zenyewe. Nikon Z6 yenye nukta milioni 24 hubakiwa na milioni 10 hivi. Canon EOS R yenye milioni 30 hubakiwa na karibu milioni 12.

Hasara hiyo huonekana kubwa kwenye karatasi za matangazo kuliko ilivyo mezani. Nukta milioni 10 zachapisha vizuri picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, na picha nyingi za studio ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo, mwenye lenzi ndogo tupu asinunue kamera ya kihisi kikubwa kwa ajili ya fahari. Zipo kamera zisizo na kioo zenye kihisi kidogo, kama Nikon Z50 ya mwaka 2019 na Canon R50 ya mwaka 2023, ambazo hugharimu kidogo zaidi na huitumia lenzi hiyo kikamilifu.

Kitu ambacho wauzaji hawakitaji ni betri. Kamera ya kioo haitumii umeme mwingi mpigaji anapotazama. Kamera isiyo na kioo huwasha kihisi na televisheni yake muda wote. Kwa kipimo cha watengenezaji wenyewe, Nikon D750 ya kioo hupiga picha zipatazo 1,230 kwa betri moja, na Z6 hupiga zipatazo 310. Katika kazi halisi idadi huzidi hapo, lakini uwiano hubaki. Mahali ambapo umeme hukatika, au katika kambi inayotegemea jenereta la saa chache, betri tatu ni sehemu ya bei ya kamera, si anasa. Afadhali kununua adapta na betri mbili za ziada kuliko kununua lenzi mpya na betri moja.

ADUI WA KWELI

Baada ya hesabu zote hizo za midomo na mabomba, lenzi nyingi za mwambao huu hukataliwa na kitu ambacho hakimo katika kitabu cha mtengenezaji. Ni kuvu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha na joto la kaskazi linapobana, hewa hujaa maji. Lenzi iliyofungiwa gizani ndani ya mkoba wa ngozi, pasipo kupigwa na hewa, huota nyuzi nyembamba kama utando wa buibui juu ya vioo vyake vya ndani. Kuvu ikikaa muda mrefu hutoa majimaji yanayokula ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akiisafisha, alama hubaki.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama lenzi itaingia, iulizwe kama inaona. Tundu lifunguliwe hadi mwisho, tochi imulikwe kutoka upande mmoja, na jicho litazame kwa mshazari kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi, mawingu au mafuta yaliyotapakaa ni sababu ya kutonunua, na kwa mwenye lenzi tayari ni sababu ya kumwona fundi kabla ya kugharimia adapta. Jaribio hilo la tochi halichukui dakika mbili, na limewaokoa wanunuzi wengi katika meza za bidhaa zilizotumika.

Kinga yake iko jikoni. Kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, likiwekwa vijipakiti kadhaa vya silika, ndilo kabati la lenzi la mtu wa kawaida. Silika iliyoshiba unyevu hukaushwa kwa moto mdogo katika chombo cha bati kisha ikarudishwa. Chembe zenye rangi zisiwekwe katika sufuria ya chakula, kwa sababu baadhi ya rangi hizo ni sumu. Mchele haufai. Hunyonya unyevu kidogo tu, na vumbi lake la wanga huingia katika pete za lenzi. Mkoba wa ngozi, hata uwe mzuri namna gani, utumike safarini na usiwe nyumba ya kudumu. Wala lenzi isianikwe juani ili ikauke: mafuta yake ya ndani huyeyuka na kushika majani ya tundu. Lenzi inayotumika kila juma haipati kuvu upesi, jambo ambalo ni faraja kwa mwenye wateja wengi.

Chumvi ya bahari nayo haina huruma. Baada ya safari ya mashua, lenzi na adapta hupanguswa kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kitambaa kikavu. Adapta isisahauliwe, kwa kuwa vituo vyake vya umeme vikifanya kutu kamera itadai kwamba lenzi imeharibika.

Kamera isiyo na kioo ina udhaifu wake pia. Lenzi inapotolewa, katika kamera nyingi kihisi hubaki wazi mbele ya upepo. Wakati wa kusi, mchanga wa pwani ukiruka, lenzi ibadilishwe ndani ya nyumba, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake umeelekea chini. Vilevile isiachwe mezani bila kifuniko ikilitazama jua, kwa kuwa lenzi yaweza kuchoma pazia au kihisi kama kioo cha kuwashia moto.

Kuhusu kuibeba barabarani, neno moja latosha kwa raia na kwa askari. Lenzi ndefu juu ya adapta, ikitazamwa kutoka mbali, hufanana na silaha. Anapokaribia kizuizi mwenye kamera aiweke mkobani, aombe ruhusa kabla ya kupiga, na asipige vituo vya ulinzi, magari ya jeshi wala askari walio kazini. Askari naye azuie kamera yake mwenyewe vivyo hivyo. Picha ya mtoto aliyebebwa begani yaweza kuonyesha nyuma yake kitu kisichotakiwa kuonekana.

KUZIREJESHA SURA

Ipo kazi moja ambayo lenzi ya babu, juu ya bomba tupu la bei ndogo, huifanya sawa na lenzi mpya ya gharama kubwa. Nayo ni ile ya kunakili picha za karatasi. Karatasi haichezi, haikimbii wala haifumbi macho. Haihitaji mota.

Picha ya zamani hulazwa juu ya meza tambarare karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, au katikati ya taa mbili zinazofanana zilizowekwa kulia na kushoto kwa mshazari, ili nuru isirudi katika lenzi. Taa ya kamera isitumike, kwa kuwa huacha doa jeupe. Kamera hufungwa juu ya mguu ikitazama chini, uso wake ukiwa sambamba na karatasi. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine picha itapinda. Tundu hubanwa hadi 8, ambapo lenzi nyingi za zamani huwa kali kutoka katikati hadi pembeni. Kijidirisha hukuzwa, fokasi huvutwa juu ya macho ya aliye pichani, na kamera huachwa ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili ili kidole kisiitikise.

Lenzi ya milimita 50 ya kawaida haikaribii sana. Ikifika mwisho wa pete yake, picha ya ukubwa wa postikadi haijazi hata theluthi ya eneo la kihisi. Dawa yake ni pete ya kurefusha, nayo ni bomba jingine tupu la milimita 12 hivi, linalowekwa kati ya lenzi na adapta. Hapo postikadi hujaza sehemu kubwa ya picha. Filamu za zamani, zile hasi ambazo watu huzitupa wakidhani hazina kazi, hunakiliwa kwa njia hiyo hiyo zikimulikwa kwa nyuma kupitia plastiki nyeupe, ila zinahitaji pete ndefu zaidi, kisha rangi zake hugeuzwa kwa kompyuta.

Picha iliyobandikwa kwenye kioo cha fremu isibanduliwe kwa nguvu. Inakiliwe ikiwa pale pale, kamera na meza vikifunikwa kwa kitambaa cheusi ili kioo kisionyeshe dari. Nakala huwekwa mahali pawili, moja kwa mwenye nyumba na moja kwa ndugu aliye mji mwingine. Nyuma ya kila iliyochapishwa huandikwa kwa penseli laini jina la aliyepigwa, mwaka kama unajulikana, na nyumba ambako karatasi ya asili inatunzwa. Karatasi hiyo hurudishwa kwa mwenyewe siku ile ile, ikiwa ndani ya bahasha kavu.